Mwaka Niliopima Ndege na Papa Kisimba

Feza alinipigia simu siku ya Jumanne, mchana, nikiwa darasani na wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, na kwa kuwa namba sikuifahamu, niliiacha ilie. Alipiga tena. Mara ya tatu nilitoka barazani nikapokea. "Ni Feza," alisema, "Feza wa Kalemie," na kabla sijapata la kujibu akaniambia kwamba baba yake, Papa Kisimba, amefariki, kwamba matanga yako nyumbani, na kwamba mama yake ndiye aliyesema nijulishwe. Nilimwuliza mara mbili kama kweli ni mama yake. "Ni yeye mwenyewe, ya Vumi," alisema, akiniita dada kama zamani. "Alinipa hata namba yako." Kwa miaka zaidi ya ishirini sikuwa nimesikia sauti ya mtu yeyote wa nyumba ile. Nilirudi darasani, nikamaliza somo nililolianza, ingawa sikumbuki nilisema nini, na Alhamisi nikapanda ndege kutoka Lubumbashi kwenda Kalemie.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipofika huko mara ya kwanza, na diploma mpya ya ufundi wa ndege ndani ya bahasha ya plastiki. Kampani iliyoniajiri ilikuwa na biro, yaani ofisi, Lubumbashi na ndege moja tu Kalemie, ndogo, ya pangaboi moja na viti vya watu watano pamoja na rubani. Ilikuwa ikipeleka watu na dawa na barua Moba, Manono, Kabalo, kote ambako barabara wakati wa mvua inakula wiki nzima. Nilipewa chumba katika nyumba ya zamani ya wafanyakazi wa reli, karibu na gare, stesheni ya treni. Kilikuwa na kitanda cha chuma, meza, na dirisha lililotazama njia za reli ambazo treni ya Kabalo ilipita pale ilipoweza. Ukuta ulikuwa mwembamba. Upande wa pili waliishi mume na mke waliokuwa wakiuza ndagala, dagaa wa ziwani, na jioni niliwasikia wakigombana juu ya chumvi, juu ya mama mkwe, kisha wakicheka. Nilijua majina ya watoto wao wote wanne kabla hawajalijua langu. Mara nyingi nilikula mkate nimekaa kitandani, nikisikiliza, na wakinyamaza nilihisi kama nimefukuzwa.

Papa Kisimba alikuwa fundi mkuu, na kwa kweli alikuwa fundi pekee. Siku yangu ya kwanza alinichukua kwake kula saa sita mchana. Nyumba ilikuwa ya kampani, ya matofali, na nyuma kulikuwa na jiko la nje ambako mke wake, Mama Feza, alikuwa akisonga bukari, ugali wa huko. Aliacha kusonga akaniangalia kutoka viatu mpaka nywele.

"Njo huyu fundi walituma?"

"Njo huyu," Papa Kisimba alisema, yaani ndiye.

"Mutoto mwanamuke?"

"Diploma yake niliisoma. Haisemi mwanamuke, haisemi mwanaume."

Mama Feza alileta maji ya kunawa, akaweka sahani yangu mbali kidogo na ya mume wake, na muda wote wa chakula alikaa katikati yetu. Ilichukua kama miezi miwili. Siku moja nilikuta ameniwekea kichwa cha kuhe, samaki wa ziwani, akasema tu, "Unapenda kichwa, nimeona," na tangu hapo alianza kuniita mwanangu. Nadhani sijawahi kupewa jina lililonipa usingizi mzuri kama lile. Jumapili nilikwenda mapema nikamsaidia kutwanga sombe, majani ya muhogo, na Feza, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, akawa ananisuka nywele huku akiniuliza kama kweli niliwahi kushika injini kwa mikono yangu.

Kazi nilijifunza kwa mikono ya Papa Kisimba, na sehemu aliyonifundisha kwa ukali zaidi ilikuwa ndogo kuliko zote. Chini ya bawa la kushoto kuna mrija mfupi unaotazama mbele, wenye tundu moja; tuliuita pito. Ndege ikienda, hewa inaingia kwa nguvu katika pito, inapita kwenye bomba jembamba ndani ya bawa mpaka kwenye saa iliyo mbele ya rubani, ambayo kwa Kifaransa cha marubani inaitwa badini, na mshale wa badini ndio unaomwambia rubani anakwenda kasi gani. Ubavuni mwa ndege kuna vitundu vingine, vidogo kama vya kitufe cha shati, vinavyoonja hewa iliyotulia ili saa ipate cha kulinganisha. Ni hayo tu. Lakini nyigu wa Kalemie wanaweza kujaza pito udongo kwa siku mbili, maji ya mvua yanaingia yakakaa bondeni mwa bomba, mpira unazeeka ukapasuka. Alinikataza kupuliza pito kwa mdomo, kwa sababu pumzi ya mtu inatosha kuharibu saa. Alinikataza kusafisha bomba kwa hewa ya mashine kabla sijalifungua kutoka kwenye badini. Na kila tulipolifungua, kwa sababu yoyote ile, ilikuwa lazima tulipime kabla ndege haijaruka.

Kupima kulihitaji watu wawili. Mimi nilisimama chini ya bawa na bomba la sindano lisilo na sindano, lililounganishwa na pito kwa kipande cha mpira, na yeye alikaa kwenye kiti cha rubani mbele ya badini. Nilisukuma taratibu, hewa ikaingia, mshale ukapanda. Ulipofika pa kufika nilibana mpira kwa vidole, naye akahesabu dakika moja. Kama mshale ulikaa, au ulishuka kidogo tu, ndani ya kiasi cha kitabu, bomba lilikuwa zima. Kama ulianguka, tulianza upya kutafuta panapovuja. Kila mara aliniuliza kwa sauti kutoka ndani, "Umesukuma alama ngapi?" nami nikamtajia alama za bomba la sindano, naye akasema, "Bon, funga." Halafu baada ya dakika, "Umesimama. Andika." Nilidhani swali lile la alama lilikuwa namna yake ya kunifundisha uangalifu. Nami niliandika, yeye akatia sahihi, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyekuwa na haki hiyo.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua kubwa. Tulikuwa tumetoa maji kwenye bomba, tukalifunga, na tukaanza kupima. Nilikuwa nimesukuma, nimebana, nikibadilisha mguu kwa sababu ya tope, mpira ukateleza ukatoka kwenye pito. Niliisikia hewa ikitoka, pumzi fupi, basi. Nilifungua mdomo nimwambie tuanze tena. Kutoka ndani sauti yake ikaja, tulivu kama siku zote: "Umesimama. Andika."

Nilikaa chini ya bawa nimeshika mpira mkononi. Nilidhani amekosea muda. Nikazunguka, nikapanda kwenye kikanyagio, nikachungulia. Papa Kisimba alikuwa ameinamia badini, uso karibu kugusa kioo, na mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Alisikia harufu yangu ya petroli, au hatua yangu, akageuza kichwa. "Unaona?" alisema. "Umekaa vizuri." Macho yake yalikuwa yananitazama begani. Nikamjibu, "Ndiyo, Papa." Nimejiuliza miaka mingi kwa nini nilisema hivyo, na sina jibu zaidi ya lile la siku ile: alikuwa Papa, na nilikuwa na njaa ya kuitwa mwanangu. Alipokwenda kunywa chai, nilirudisha mpira, nikaufunga kwa utepe, nikasukuma, nikabana kwa koleo, nikakimbia ndani kuangalia badini mwenyewe. Mshale ulisimama. Siku ile bomba lilikuwa zima.

Tangu siku hiyo niliona yale yote yaliyokuwa wazi mbele yangu. Alipojimiminia chai aliweka kidole ukingoni mwa kikombe. Mama Feza ndiye aliyemtolea miiba kwenye samaki, akifanya kama anamdekeza. Injini aliijua kwa vidole na masikio, na kwa vidole na masikio alikuwa bado fundi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, lakini mshale mwembamba nyuma ya kioo hauna sauti, na alama alizoniuliza ndizo alizokuwa akikisia kwazo. Nikaanza kupima mara mbili: mara moja naye, kama kawaida, na mara ya pili peke yangu, akiwa kwenye chai au akiongea na biro kwa fonia, redio ya mawasiliano. Sikumwambia mtu. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Jioni nilikaa katika chumba changu nikawasikiliza wale wauza ndagala wakielezana siku yao, kila mmoja akimkatiza mwenzake, nikatamani ningekuwa na mtu wa kunikatiza.

Siku moja nilifika kula mapema, nikanawa mikono nyuma ya nyumba, nikawasikia jikoni. Hawakujua nimefika.

"Useme kwa biro," Mama Feza alikuwa anasema kwa sauti ya chini. "Wakupe mapumziko yako. Umetumika sana."

"Nikisema leo, kesho wanaomba nyumba. Watoto utawalalisha wapi?"

"Na siku ndege itaanguka?"

"Haitaanguka. Vumi iko anaona."

"Ulimwambia?"

"Simwambii. Naye haniambii. Lakini ninamusikia akipima tena."

Nilirudi nyuma mpaka kwenye lango, nikabisha hodi kwa sauti kubwa, nikaingia. Tulikula bukari na mchicha wa lenga-lenga. Papa Kisimba alimchekesha Feza kwa habari ya mbuzi aliyekataa kushuka kwenye ndege huko Kabalo. Nilicheka nao. Sijui kama mtu anaweza kueleza jinsi nilivyokuwa na furaha siku ile na jinsi nilivyokuwa naogopa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mtu wa lazima katika nyumba ya watu, na sababu yake ilikuwa jambo ambalo hatukuweza kulitamka.

Mwezi wa saba malaria ilinilaza siku tatu. Mama Feza aliniletea uji na akanifulia shuka. Siku ya pili, kumbe, Papa Kisimba aliona afungue bomba la pito pale linapoingia kwenye bawa, alifunge tena, na alipime na mlinzi wa kiwanja. Akatia sahihi. Komanda Modeste, rubani wetu, akaruka na abiria wanne kwenda kwenye kiwanja kimoja cha milimani, upande wa Moba, kiwanja kifupi chenye korongo mwishoni. Siku ya tatu nilijikokota mpaka kazini, nikakuta ndege imerudi, na Komanda amesimama kando yake bila kofia. Alikuwa mtu wa Bukavu, mpole, asiyeinua sauti. Hakuinua hata siku ile.

"Badini iliniambia niko pole," alisema. "Nikaongeza mwendo kidogo. Nilipogusa chini niliona nyasi zinakimbia mbio. Nilikanyaga breki mpaka mguu ukatetemeka. Tulisimama hatua sita kutoka korongo. Nilizihesabu. Kulikuwa mama mwenye mimba, alishuka akakaa chini, akakataa kusimama."

"Nilipima mwenyewe," Papa Kisimba alisema. "Mshale ulisimama."

Komanda alinigeukia. "Mamzeli Vumilia, tupime tena. Weye kaa ndani. Papa ashike chini."

Nilipanda. Mikono yangu ilikuwa bado ya homa. Kupitia dirisha nilimwona Papa Kisimba akitafuta pito kwa kiganja, akiivika mpira kwa ufundi wake wote, akisukuma. Mshale ulipanda kidogo, ukaanza kushuka kabla hajabana, ukaanguka mpaka chini. Komanda alikuwa amesimama nyuma yangu, aliona kila kitu. Angeweza kusema yeye, lakini aliniachia mimi.

"Umesimama?" Papa Kisimba aliuliza kutoka chini ya bawa.

Nilimkumbuka mama yule wa Moba ambaye sikumwona, aliyekaa chini kwenye nyasi. Nilisema, "Hapana, Papa. Umeanguka." Nikashuka, nikasimama mbele yake, na kwa kuwa nilijua nikinyamaza sasa sitasema tena, nikaendelea. "Papa hauone mshale. Toka mwezi wa nne najua. Nilikuwa napima nyuma yako. Jana sikuwako."

Hakukana. Alisimama akishika lile bomba la sindano, akalifuta kwa kitambaa, pande zote, akanipa. "Andika hivyo," alisema. "Andika: umeanguka." Kisha akafuata ubavu wa ndege kwa mkono mpaka mkiani, akatoka nje ya hangari. Nilikuta kiungo cha mpira hakikusukumwa mpaka mwisho. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Biro ya Lubumbashi, baada ya kusomewa nilichoandika, ilizungumza naye kwa fonia Jumatatu iliyofuata. Walimpumzisha kazi, wakampa mpaka mwisho wa mwezi kuihama nyumba ya kampani. Mimi walinipa barua ya onyo kwa kuficha, na nilistahili. Mchana ule nilikwenda kula kama kawaida, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Mama Feza alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko. Nyuma yake sufuria ilikuwa inatoa mvuke.

"Leo hatukupika," alisema.

Niliaga nikaondoka. Siku walipohama nilisimama upande wa pili wa barabara, nikamwona Feza amebeba kioo, naye akaniona, akainamisha macho. Walikwenda kuishi kwa ndugu, upande wa Katanika, na sikukanyaga huko.

Miezi iliyobaki ilikuwa mirefu. Fundi mwingine alikuja kutoka Lubumbashi mara moja kwa mwezi kutia sahihi na kurudi. Nilipima pito peke yangu, kwa utepe na koleo, nikikimbia kati ya bawa na kiti. Komanda Modeste alinisalimu vizuri, lakini alikuwa angani zaidi ya chini. Sokoni mama aliyeniuzia mkate aliniuliza siku moja, bila chuki, "Weye njo ulimutoa muzee kwa nyumba?" nami nikachukua mkate nikaondoka. Wale majirani wauza ndagala walihama pia, wakarudi Kigoma. Chumba chao kilikaa kitupu, na nikagundua kwamba nilikuwa nimezoea kulala wakiongea.

Mara moja tu nilikutana na Papa Kisimba. Ilikuwa kwenye njia ya kwenda katedrali, asubuhi, yeye akiwa ameshikwa mkono na Mama Feza, amevaa koti lake la kijivu. Nilisema, "Jambo, Papa. Jambo, Mama." Alisimama. "Nani?" aliuliza, akigeuza uso kushoto, kulia. Mama Feza aliniangalia moja kwa moja, kisha akamvuta mkono, polepole. Papa alikuwa bado anageuza kichwa. "Ni nani ule?" Ningeweza kusema jina langu. Ni neno moja. Niliwaangalia mpaka walipopinda kona, na mwisho wa mwaka nilipanda treni nikaondoka Kalemie, nikiwa nimejiambia kwamba asingetaka kusikia.

Matanga yalikuwa katika nyumba ile ile ya Katanika, sasa imeongezwa vyumba viwili. Watu walikuwa wengi. Feza, mwanamke mzima mwenye watoto, alinishika mkono akanipitisha kati ya mikeka mpaka chumba cha ndani, ambako Mama Feza alikuwa ameketi chini, amefunga kitambaa cheupe. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko nilivyomkumbuka. Aliwaambia wengine watupishe. Nilipiga magoti nikampa pole. Alinishika kiganja, hakukiachia.

"Umekomaa," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Siku ile ulimwambia haone, alirudi nyumbani akalala mpaka asubuhi. Miaka miwili alikuwa halali. Nilimuchukia kwa vile alilala."

Nilisogea karibu naye.

"Miaka ya mwisho alikuwa anakuulizia. Ndege ikipita juu anasema, Vumi iko wapi? Mumuite. Feza alipata namba yako kwa muntu wa Lubumbashi, akaiandika kwa karatasi. Mi nikaichukua, kwa hasira ya ile nyumba. Nikamwambia Feza imepotea. Nikamwambia baba yake umekwenda Ulaya." Alikaza mkono wake. "Mara nyingi aliniomba, Vumi. Hata mwaka huu."

"Alitaka kuniambia nini?"

"Hakuniambia. Alisema ni maneno ya weye na yeye." Kisha, kabla sijatoa mkono wangu, akasema, "Sikuiti hapa kwa kuomba musamaha. Ninakuambia kwa sababu ni kweli."

Huko nje walianza wimbo mwingine, na mtu akawa anaomba viti. Nilitaka kukasirika na nilikasirika, lakini hasira ilinijia kwa taabu, kama kitu kilichotoka mbali, na alikuwa bado ameshika kiganja changu kwa mikono yake miwili.

"Ningekuja, Mama," nilisema. "Ungeniita siku yoyote, ningekuja."

"Najua," alisema. "Njo maana sikukuita."